Kabla ya kununua printa mpya, kagueni ruta

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme jambo linalohusu ofisi za Tanga, za umma na za binafsi, kuanzia Bandarini na Chumbageni hadi shule za Pongwe na vyama vya ushirika vya Muheza na Korogwe. Sisi ni mafundi wa mashine za ofisi na mitandao. Siku hizi barua huandikwa kwenye simu, ankara hufika kwa WhatsApp, na walimu wana vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya mwaka 2022. Lakini ukifika wakati wa kuprinti, mtumishi anatoka na simu mkononi kwenda steshenari ya mtaa wa pili, huku printa ya ofisi iko mezani, imewashwa na ina wino. Ukiuliza sababu unaambiwa, "Ile haikubali simu." Baada ya muda linaandikwa dokezo la kuomba printa mpya. Inanunuliwa, inafungwa palepale ilipokuwa ya zamani, na baada ya wiki chache nayo haikubali simu.

Mara nyingi printa hiyo haina kosa lolote. Kosa liko kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa waifai ya ofisi, na jinsi mtandao ulivyofungwa, na kulirekebisha kunahitaji saa moja ya mtu anayejua anachofanya. Ndiyo maana tunawaomba wakuu wa ofisi na maafisa ugavi wasiidhinishe fedha za printa nyingine kabla ruta haijakaguliwa.

Inafaa kwanza kujua simu inavyoitafuta printa. Simu haina orodha ya printa iliyowekwa kichwani. Ukibonyeza kuprinti, inauliza mtandao mzima: nani hapa ni printa? Swali hilo hupelekwa kwenye anwani ya pamoja, 224.0.0.251, kupitia mlango namba 5353. Kila printa inayolisikia hujibu kwa kutaja jina lake, anwani yake na aina za faili inazozielewa. Hapo ndipo simu hupeleka kazi yenyewe, kwa utaratibu unaoitwa IPP, kwa kawaida kupitia mlango namba 631. Apple walileta AirPrint, njia ya iPhone ya kuprinti bila waya, mwaka 2010 katika iOS 4.2. Kwa upande wa Android, mfumo wa kuprinti uliingia katika toleo la 4.4 mwaka 2013, mwaka uleule kampuni za Canon, HP, Samsung na Xerox zilipounda Mopria, umoja wa kurahisisha kuprinti kutoka kwenye simu, na tangu Android 8 ya mwaka 2017 huduma ya kuprinti huja ndani ya simu yenyewe. Kwa hiyo simu nyingi zilizomo mifukoni mwa watumishi leo hazihitaji kupakua programu yoyote ili ziprinti. Programu za watengenezaji zina faida zake, hasa kwa kuskani na kuangalia kiwango cha wino, lakini kwa kazi ya kutoa karatasi tu si lazima.

Yanayoharibika ni mawili: ama swali halifiki kwenye printa, ama jibu halirudi kwenye simu. Kuna kipimo cha dakika mbili cha kujua mlipo, na tungependa kila ofisi ikijue. Toa ukurasa wa hali ya mtandao kutoka kwenye printa yenyewe. Kila printa ya mtandao ina kitufe au menyu ya kufanya hivyo, na kitabu chake kinaeleza. Kwenye ukurasa huo kuna anwani ya IP, mathalani 192.168.1.37. Chukua simu iliyounganishwa na waifai ya ofisi, fungua kivinjari, uandike namba hizo pale juu panapoandikwa anwani ya tovuti. Kivinjari kikitoa onyo la usalama, ni kwa sababu printa imejitengenezea cheti chake yenyewe. Kwa anwani ya ndani unayoijua, endelea. Ukurasa wa printa ukifunguka, simu na printa zinafikiana, na kilichobaki ni suala la kutambuana au mipangilio ya simu. Usipofunguka, usiguse simu wala printa tena. Nenda kwenye ruta.

Anwani ya printa ikianza na 169.254, au ikiwa ni sufuri tupu, maana yake printa haikupewa anwani na ruta: nywila ya waifai ilikosewa, kebo haijakaa vizuri, au ruta imefikia kikomo cha vifaa. Vile vifaa vidogo vya intaneti vya kubeba mkononi vina kikomo kidogo. Kuna vinavyokomea vifaa 10, na ofisi yenye watumishi sita wenye simu na kompyuta mpakato imekwisha kuzijaza nafasi hizo kabla printa haijawashwa.

Linganisha pia mafungu matatu ya kwanza ya namba. Simu ikiwa 192.168.1.52 na printa 192.168.0.37, basi kwa ruta ya kawaida ya ofisi hiyo ni mitandao miwili ingawa jengo ni moja. Hali hii tunaikuta sana. Waifai haikufika vyumba vya nyuma, mtu akanunua ruta ya pili, akachomeka kebo kwenye tundu la intaneti la ruta hiyo, na ruta ikaanzisha mtandao wake. Watu wa mbele hawaioni printa ya nyuma, na wa nyuma hawaioni ya mbele. Dawa ni kuibadili ruta ya pili iwe kisambazaji tu. Ruta nyingi zina hali hiyo kwenye menyu. Isiyo nayo, zima ugawaji wake wa anwani (DHCP), ipe anwani isiyogongana na ya ruta kuu, kisha hamisha kebo kutoka tundu la intaneti kwenda moja ya matundu ya kawaida ya mtandao. Fanya kwa mpangilio huohuo. Ukianza na kebo, ruta mbili zitagawa anwani kwa wakati mmoja na ofisi nzima itavurugika.

Kisababishi kingine ni mpangilio wa kutenganisha vifaa, ambao kwenye menyu za ruta hutajwa kwa neno "isolation". Ukiwa umewashwa, kila kifaa kinapata intaneti lakini hakiruhusiwi kuzungumza na kingine, kama wapangaji wa nyumba moja wanaolipa kodi kwa mwenye nyumba mmoja lakini hawasalimiani. Waifai ya wageni huwa hivyo tangu kiwandani, na ni sawa iwe hivyo. Kosa ni kuwapa watumishi nywila ya wageni kwa sababu ni fupi na rahisi kukumbuka, kisha kushangaa simu zao haziioni printa. Watumishi wawe kwenye waifai ya ofisi pamoja na printa, wageni wabaki kwao.

Kuhusu masafa, kuna dhana tuisahihishe. Watu husema simu ikiwa kwenye gigahezi 5 na printa kwenye 2.4 haziwezi kuonana. Si kweli: ruta ikiwa moja na hakuna utenganisho, masafa yote mawili ni mtandao mmoja. Tatizo huja siku ya kufunga printa. Printa nyingi za bei ya chini hushika 2.4 peke yake, na programu ya kuiunganisha mara nyingi hutaka simu nayo iwe hapo. Ruta ikiwa imeyapa masafa yote jina moja, simu hukimbilia 5 na ufungaji unakwama. Tenganisha majina kwa muda kwa kubadili la 5 tu, unganisha printa kwenye 2.4, kisha irudishie 5 jina lilelile la awali, ambalo ndilo printa imelikariri. Angalia pia aina ya ulinzi: ruta mpya ikiwekwa WPA3 pekee, printa za miaka ya nyuma hazitaingia. Iweke WPA2, au ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3.

Kwenye majengo ya mjini Tanga yaliyobaki tangu enzi ya Wajerumani, kuta nene za mawe humeza mawimbi, na gigahezi 5 ndiyo inayoumia zaidi. Kwa majengo hayo, na kwa printa yoyote inayotumiwa na watu wengi, ushauri wetu hauna mjadala: printa iunganishwe kwa kebo ya mtandao, simu zitumie waifai. Kebo ya Cat5e au Cat6 hufika mita 100 bila msaada, na ikishachomekwa maswali ya masafa, nywila na mawimbi kwa upande wa printa yanakwisha. Tunashangaa kuona printa kubwa ya sakafuni, yenye tundu la kebo mgongoni, imeunganishwa kwa waifai hali ruta iko hatua tatu kutoka hapo.

Sasa bando. Hili ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Kuprinti kwa njia tuliyoieleza hakutumii intaneti hata kidogo. Data inatoka kwenye simu, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye printa, haitoki nje ya jengo. Lakini bando la ruta likiisha, simu inagundua kwamba waifai haina intaneti, na simu nyingi huhamia kimyakimya kwenye data ya laini. Alama ya waifai inaweza kubaki juu ya kioo, lakini swali la "nani ni printa" linakwenda kwenye mnara wa simu, na mnara hauna printa. Simu ikikuuliza kama ubaki kwenye waifai isiyo na intaneti, kubali. Isipouliza, zima data ya laini, printi, kisha iwashe. VPN huleta tatizo la sura hiyohiyo, kwa sababu inaweza kuvuta mawasiliano yote ya simu na kuyapitisha kwenye njia yake. Izime wakati wa kuprinti, au tafuta mpangilio wake wa kuruhusu mtandao wa ndani.

Ofisi ndogo zisizo na ruta hutumia hotispoti ya simu ya mmoja wao. Inafanya kazi, kwa masharti. Hotispoti iwe kwenye gigahezi 2.4, kwa iPhone 12 na zilizofuata kuna swichi ya kuongeza upatanifu kwenye ukurasa wa hotispoti inayofanya hivyo. Simu inayotoa hotispoti yenyewe wakati mwingine haiioni printa, ingawa simu nyingine zilizounganishwa nayo zinaiona. Na mwenye simu akienda kula, printa inakwenda naye. Kwa ofisi ya aina hiyo tunashauri Wi-Fi Direct badala yake: printa inatoa waifai yake, jina lake huanza na DIRECT, na simu huungana nayo moja kwa moja. Kasoro yake ni kwamba idadi ya simu zinazoweza kuungana kwa pamoja ni ndogo, na nywila ya kiwandani lazima ibadilishwe, vinginevyo aliyekaa kwenye benchi la wageni anaweza kuprinti na kuskani anavyotaka.

Umeme nao una sehemu yake. Ukikatika na kurudi, ruta huanza upya na inaweza kugawa anwani upya; printa iliyokuwa .37 inaamka ikiwa .41. iPhone haitajali kwa sababu inatafuta kwa jina. Android iliyowekewa printa kwa namba, na kompyuta zilizofungwa kwa namba, zitaendelea kuita .37 mpaka mtu achoke. Ingia kwenye ukurasa wa ruta (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), fungua sehemu ya DHCP, tafuta sehemu ya kuhifadhi anwani, andika anwani ya MAC ya printa (namba yake ya utambulisho ya kiwandani) kama ilivyo kwenye ule ukurasa wa hali ya mtandao, na uipe namba moja ya kudumu, tuseme 192.168.1.200. Zima printa, iwashe, kisha bandika karatasi yenye namba hiyo ubavuni mwake. Kama printa ina kebo na waifai, kumbuka zina MAC mbili tofauti. Chukua ya ile inayotumika.

Namba hiyo ya kudumu ina faida nyingine kwa wenye Android. Pale ambapo printa inafunguka kwenye kivinjari lakini haitokei kwenye orodha, ingia kwenye mipangilio ya simu, vifaa vilivyounganishwa, mapendeleo ya muunganisho, kuchapisha, kisha huduma chaguomsingi ya kuchapisha, na uongeze printa kwa anwani ya IP. Majina hutofautiana kati ya simu na simu. Njia ya haraka ni kutumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio. iPhone haina sehemu ya kumwezesha mtumiaji kuandika anwani mwenyewe. Kwake ni lazima swali lifike, au afisa TEHAMA aandae faili la usanidi lenye anwani ya printa na kulisambaza kwenye simu za ofisi.

Umeme ukirudi, printa nyingine huamka haraka kuliko ruta, zinatafuta waifai, hazioni kitu na zinakata tamaa. Washa ruta, subiri dakika tatu, ndipo uwashe printa. Ruta ipewe UPS ndogo, yaani betri ya akiba, lakini printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hiyo. Kile kinu chake cha kuchoma tona hufyonza mamia ya wati kwa mkupuo kinapopasha moto, na UPS ndogo ama italia na kuzima au itaharibika kabla ya wakati. Printa ya wino wa tangi ni habari nyingine. Yenyewe inakula wati chache tu.

Kuna printa ambazo kweli hazikubali simu, hasa zile zenye USB peke yake. Hapa watu hufanya jambo la busara linaloshindwa: wanaichomeka kwenye kompyuta ya Windows na kuishirikisha. Kompyuta nyingine zinaiona, simu hazioni, kwa sababu ushirikishaji wa kawaida wa Windows hautumii lugha ambayo simu zinaisikiliza. Njia zipo. PaperCut Mobility Print ni programu inayotolewa bure. Inawekwa kwenye kompyuta ile yenye printa na kuitangaza kwa simu za mtandao huohuo. Mwenye ujuzi wa Linux anaweza kutumia kompyuta ya zamani yenye CUPS na Avahi, na iPhone itaiona printa kama ya AirPrint. Kwa njia zote mbili kompyuta hiyo lazima iwe imewashwa na isiachwe ilale. Kwa ofisi kubwa yenye mitandao iliyogawanywa kwa idara, swali la simu halivuki kutoka idara moja kwenda nyingine. Hilo ni la kusanidiwa na mtaalamu kwenye swichi au ruta, si la kutatuliwa kwa kununua printa kwa kila chumba.

Mkilazimika kununua, someni herufi za mwisho za jina. Epson L3210 na L3250 zinafanana sana machoni. Ya kwanza ni ya USB tu, ya pili ina waifai. Kwa HP, M111a ni ya USB na M111w ina waifai. Herufi d humaanisha inageuza karatasi yenyewe, n ina tundu la kebo ya mtandao, w ina waifai. Dn na dw ni michanganyiko yake. Kwa Canon za tangi, G2411 haina waifai, G3411 inayo. Tofauti ya bei dukani huwashawishi wengi kuchukua ile isiyo na w, kisha tofauti hiyo inaliwa steshenari. Kwenye maelezo ya zabuni andikeni wazi: AirPrint, Mopria, tundu la kebo ya mtandao, kugeuza karatasi. Kuandika "printa ya kisasa" tu ni kumpa mzabuni ruhusa ya kuleta alichonacho stoo.

Mitumba nayo ina mambo yake. Nembo ya Google Cloud Print iliyobandikwa kwenye printa haina maana tena. Huduma hiyo ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020. Printa ya leza iliyotoka Marekani angalia kibao cha umeme mgongoni: ikiwa ni volti 110 hadi 127, kuichomeka kwenye volti 230 zetu ni kuiua. Na hata ikiwa ya volti zetu, ukubwa wa karatasi utakuwa umewekwa Letter.

Ukubwa huo wa Letter unastahili maneno zaidi, kwa sababu ndio unaofanya watu waseme simu imetuma lakini printa imekataa. Letter ni milimita 216 kwa 279. A4 tunayotumia ni 210 kwa 297. Simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani inaweza kuchagua Letter yenyewe. Kazi inafika, printa inaona trei ina A4, inawasha taa na kusubiri mtu alete karatasi ambayo haipo Tanga nzima. Mtumishi anabonyeza tena, na tena, na mara ya sita anapiga simu kwa fundi. Kazi zote zinapanga foleni, na kosa likisahihishwa zinatoka zote kwa mpigo. Kwanza futa foleni kwenye simu na kwenye printa, weka A4 kwenye mipangilio ya trei, weka A4 kwenye ukurasa wa kuprinti wa simu, ndipo utume mara moja.

Barua ya Word ikifunguliwa kwenye simu isiyo na fonti iliyotumika, mistari inahama na sahihi ya mkurugenzi inaangukia ukurasa wa pili. Igeuze kuwa PDF kwenye kifaa ilikoandikwa, kisha uiprinti. Picha ya hati inayopitia WhatsApp itumwe kama hati, si kama picha, kwa sababu picha hubanwa. Ukurasa kamili wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 2480 kwa 3508. Pungufu sana ya hapo, mihuri na namba ndogo hazisomeki.

Kuhusu printa ndogo za risiti zinazounganishwa kwa Bluetooth: za roli ya milimita 58 huprinti upana wa milimita 48, yaani nukta 384, na za milimita 80 huprinti 72, yaani nukta 576. Programu ikiwekwa upana usio wake, safu ya bei inakatwa. Namba ya kuunganisha mara nyingi ni 0000 au 1234. Karatasi yake haina wino, inabadilika rangi kwa joto, kwa hiyo risiti inayohitajika kwa ukaguzi itolewe nakala ya karatasi ya kawaida kabla haijafifia ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Hewa ya pwani ina unyevu, na karatasi huunywa. Rimu moja ya A4 ya gramu 80 ni karatasi 500, uzito wake kama kilo mbili na nusu. Ikiachwa wazi wakati wa masika, karatasi hujikunja, zinanasa mbili mbili, na maandishi ya tona hutoka na mawingu. Simu inaonyesha tu kwamba inasubiri printa, na lawama inarudi kwenye mtandao. Weka kwenye trei kinachotosha siku moja au mbili, kilichobaki kirudi kwenye kanga yake na mfuko wa nailoni.

Tumeacha jambo zito zaidi. Mtumishi anayetuma orodha ya mishahara, rufaa ya mgonjwa au taarifa za mkopo wa mwanachama kwenye WhatsApp ya steshenari anaacha nakala kwenye simu ya dukani, nyingine kwenye folda ya vilivyopakuliwa ya kompyuta ya duka hilo, na akiingia mwenyewe kwa WhatsApp ya kompyuta bila kutoka, anaacha mazungumzo yake yote. Hatusemi wenye steshenari ni watu wabaya. Kompyuta yao inatumiwa na kila anayeingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaibebesha taasisi wajibu wa kuzilinda taarifa inazozikusanya, na mkuu wa ofisi hawezi kusema nakala zilipotelea mtaani.

Ndani ya ofisi pia karatasi za siri hazifai kulala kwenye trei ya korido. Printa zenye paneli huruhusu kazi kusubiri mpaka mwenyewe aingize namba ya siri, na huduma ya Mopria Print Service kwenye Android inaweza kuituma kazi kwa namna hiyo ikiwa printa inaikubali. Nywila ya msimamizi kwenye ukurasa wa printa ibadilishwe siku ya kwanza. Mlango namba 9100, ambao nao printa hupokelea kazi, usifunguliwe kwenda intaneti, hata kama fundi fulani anasema ndiyo njia ya kuprinti ukiwa nyumbani. Na ile mashine kubwa ya kunakili, siku ya kuiuza au kurudisha ya kukodi, ulizeni kama ina diski ndani. Mara nyingi ipo, na inafutwa kwa menyu yake yenyewe kabla haijatoka mlangoni.

La mwisho ni kwa ofisi zinazobadili mtoa huduma wa intaneti, maana wengi wanahamia faiba sasa. Fundi wa kampuni hufunga ruta mpya yenye jina na nywila mpya, anaondoka, na asubuhi printa zote zimekufa. Mwambieni kabla hajaondoka aweke jina lilelile la waifai la zamani, herufi kubwa na ndogo zilezile, nywila ileile na aina ileile ya ulinzi. Printa na simu zitaingia zenyewe. Baada ya hapo iwekeni upya ile anwani ya kudumu ya printa, kwa sababu ilibaki kwenye ruta ya zamani.

Mafundi wa mashine za ofisi na mitandao,
Ngamiani, Tanga.